Begi la kiunoni lichaguliwe kwa mkanda wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni alieleza namna mabega yalivyomuuma kwa siku tatu baada ya kutembea kutwa moja katika msitu wa Ngezi akiwa amebeba begi la mgongoni, akamaliza barua yake kwa kuuliza iwapo yale mabegi yanayofungwa kiunoni yangemfaa zaidi. Kwa maoni yangu yangemfaa, tena sana, ila kwa sharti moja: autazame mkanda kwanza, na begi lenyewe alitazame baadaye. Mimi nililitazama begi kwanza, na gharama yake niliilipa kwa ngozi ya nyonga zangu.

Nilisomesha jiografia katika skuli za Pemba kwa miaka 31, na tangu nistaafu huwa natembea na wanawake wenzangu watano au sita, mara mbili kwa mwezi, mvua zikituruhusu. Safari tunayoipenda kuliko zote ni ya kushuka Konde kwa daladala ya mapema, kuingia Ngezi kwa miguu kabla jua halijapanda, kupita pole pole chini ya miti mirefu na ile mipapindi, miti ya jamii ya mnazi ambayo hata jina lake la kitaalamu limebeba jina la kisiwa chetu, kisha kutokea kwenye mchanga wa Vumawimbi, tukala, tukaswali, na kama miguu bado ina nguvu tukasogea hadi kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha kabla ya kugeuza. Ni safari ya kuondoka na kurudi siku hiyo hiyo. Hakuna anayelala njiani, wala anayehitaji sufuria na blanketi. Mzigo wa mtu mmoja ni maji, chakula kidogo, kanga moja, simu, na vitu vichache vya dharura. Kwa mzigo wa namna hiyo begi la mgongoni, hasa yale ya skuli ambayo mikanda yake ya mabegani ni miembamba na mkanda wa kiunoni hayana kabisa, humchosha mtu bure, kwa sababu uzito wote huning'inia mabegani na mgongo mzima hufunikwa usipate upepo. Anayelijua joto la kaskazi, pale nguo inapogandamana na mgongo tangu saa tatu ya asubuhi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Begi ninalolizungumzia lisichanganywe na kile kibegi cha kondakta wa daladala. Kile hukaa mbele, tumboni, na mkanda wake ni ugwe tu, kwa kuwa hakibebi chochote zaidi ya noti na sarafu. Begi la kiunoni la kutembelea hukaa nyuma, kwenye ule mbonyeo wa mgongo ulio juu ya makalio. Ukubwa wake ni baina ya lita 5 na 12 hivi, lina mifuko miwili ya chupa ubavuni, na mkanda wake, kabla haujafika kwenye bizimu la mbele, huanza na mabawa mawili mapana yenye sponji ambayo huzikumbatia nyonga. Wenzetu wa nchi za milima wameyatumia kwa miaka mingi. Kampuni ya Mountainsmith, iliyoanzishwa mwaka 1979 katika mji wa Golden, jimbo la Colorado nchini Marekani, imejipatia jina kwa mabegi ya aina hii hasa, na mara moja moja mtu hubahatika kulikuta begi la namna hiyo katika robota la mtumba, limepauka rangi lakini mkanda wake mzima.

Langu la kwanza halikuwa la namna hiyo. Nililinunua dukani likiwa jipya, la rangi ya bluu ya bahari, na kilichonivutia ni kwamba lilikuwa na mifuko saba, nikaihesabu mmoja mmoja mbele ya muuzaji kama mtoto anayehesabu zawadi za sikukuu. Mkanda wake ulikuwa na upana wa vidole viwili, na sponji haukuwa nayo hata kidogo, jambo ambalo sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kufungua na kufunga zipu. Siku ya safari niliijaza mifuko yote saba, kwani mfuko ukiwepo mtu huutafutia kitu cha kuutia. Tulipofika katikati ya msitu begi lilikuwa limeshashuka hadi kwenye makalio, na kila hatua lilinipiga, du, du, du, kama kinu kinachotwangwa na mtu asiye na haraka. Nikaukaza mkanda, ukapanda tumboni na kunibana pumzi. Nikaulegeza, begi likashuka tena. Chupa moja ilichomoka mfukoni tulipokuwa tukivuka mti ulioanguka, ikabingirika hadi kwenye matope, na kifuniko chake hatukukiona mpaka leo. Kutoka hapo hadi Vumawimbi nilitembea mkono mmoja ukiwa nyuma, nimelishikilia begi kwa chini, na mwenzangu mmoja akawa kila baada ya muda ananiuliza kama mtoto ameshalala au bado.

Ndani ya mzaha ule ndimo lilimokuwemo jibu, ingawa ilinichukua siku mbili za kupakaa mafuta ya nazi kwenye michubuko kulielewa. Nimelea watoto wanne kwa mbeleko. Mtoto yule yule, wa uzito ule ule, kanga ikikazwa vizuri akagandamana na mgongo, mama humbeba huku anafagia uwanja, anachota maji na kwenda sokoni. Kanga ikilegea kidogo tu, mtoto akaning'inia nyuma, mama huinama mbele ili asivutwe, na kabla hajafika mlangoni kiuno kinamuuma. Mtoto hakuongezeka uzito. Amesogea mbali na mwili, na mzigo unaosogea mbali huvuta kwa nguvu zaidi, kama ambavyo ndoo ya maji unaweza kuishika karibu na paja kwa muda mrefu, lakini ukiinyoosha mbele yako kwa mkono mmoja hutoimudu hata dakika moja. Begi la kiunoni nalo limo katika kanuni hiyo hiyo. Lililo bapa na pana, lililogandamana na mgongo, litabeba kilo 3 na utalisahau. Lililo nene, lenye kutokeza nyuma kama nundu ya ng'ombe, litakusumbua kwa kilo moja na nusu.

Kwa hiyo nianze na pale mkanda unapokaa. Shika kiuno kwa mikono miwili kama mtu anayegomba, kisha teremsha viganja kidogo. Utausikia ukingo wa mfupa, mmoja upande wa kulia na mmoja wa kushoto. Ukingo huo wa nyonga ndio rafu ya begi. Bawa la mkanda linatakiwa liukalie, nusu yake ikiwa juu na nusu yake chini, ili uzito uteremkie kwenye mifupa ya nyonga na miguu. Mkanda uliopanda juu ya hapo hubana tumbo, na mwenye tumbo lililobanwa hapandi mlima bila ya kuhema. Ulioshuka chini ya hapo huteleza, na ukikazwa sana kwa mbele, karibu na mkunjo wa paja, unaweza kuubana mshipa wa fahamu unaopita hapo na kukutia ganzi ya ubavu wa paja. Mmoja wetu aliisikia ganzi hiyo akadhani ni baridi yabisi, akaanza kutuhesabia dawa alizowahi kutumia, mpaka alipofungua bizimu ili akae chini akaiona inaondoka yenyewe.

Bawa lenyewe, pale linapopita ubavuni, liwe na upana unaokaribia kiganja, kisha lipungue kidogo kidogo kuelekea mbele. Mabawa mawili yasikutane tumboni. Ibaki baina yao nafasi ya vidole vinne kwa uchache, kwa sababu baada ya saa mbili za jasho, nguo ikisha kulowa na kulala, utahitaji kukaza tena, na mabawa yaliyokwisha kugusana hayakaziki. Hapa ndipo wembamba wa mwili wanapodanganywa na mabegi makubwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanaume wa Ulaya. Wanawake wenye nyonga pana nao wana tahadhari yao: mkanda ulioshonwa ukiwa umenyooka kama rula huwakalia kwa ukingo wa chini tu, na ukingo wa juu ukabaki umeachama. Ulio mzuri, ukiutandaza juu ya meza, utauona umepinda kidogo mfano wa mwezi mchanga. Sikuwahi kumsikia muuzaji hata mmoja akilitaja jambo hili, na kwangu mimi lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye begi.

Kisha vitafutwe vile vikanda viwili vya pembeni, kimoja kila upande, ambavyo hutoka kwenye bawa na kushika ukingo wa nje wa begi. Hivyo ndivyo fundo la mbeleko. Kazi yake ni kulivuta begi lije karibu na mgongo baada ya mkanda mkubwa kufungwa, na utaratibu wake ni huo huo kila siku: vilegeze kwanza, liweke begi mahali pake, funga bizimu juu ya ukingo wa nyonga, kaza mkanda, na mwisho kabisa vivute vile vya pembeni kwa pamoja, mbele, mpaka uusikie mgongo wa begi umekugusa pote. Anayevivuta kabla ya kufunga bizimu hupata begi lililokaa upande. Begi lisilo na vikanda hivyo, kwa maoni yangu, lirudishwe kwenye msumari lilikotungikwa hata kama linauzwa kwa nusu bei.

Baada ya mkanda ndiyo yafuate maji, ambayo ndiyo mzigo wenyewe. Vingine vyote ni vidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna begi linalopunguza hesabu hiyo. Katika joto letu, mtu anayetembea anahitaji kiasi cha nusu lita kwa saa, kwa hiyo mwendo wa saa tatu unataka lita moja na nusu, nazo hukaa vizuri katika chupa mbili za mililita 750, moja kila ubavu. Chupa moja kubwa iliyosimamishwa katikati hutokeza nyuma na kuleta ile nundu niliyoitaja. Wazee wetu waliokuwa wakipita mitaani na mzega, samaki upande huu na samaki upande huu, wangelicheka kuona jambo hili linaandikiwa barua gazetini, maana walijua kwamba pande mbili zikilingana mti hutulia begani, na upande mmoja ukisha kuuzwa wa pili huanza kumpinda mchukuzi shingo. Nasi hunywa kwa kufuata mzega: mafunda machache ya chupa ya kulia, mafunda machache ya kushoto. Safari ikizidi saa tatu hatujazi zaidi katika mabegi ya kiunoni. Tunachukua dumu dogo la lita 5 katika begi moja la mgongoni na kupokezana, na kwa bahati nzuri kila linapofika zamu yangu huwa limeshapungua.

Vilivyobaki hupangwa kwa akili ya kawaida. Kanga ikunjwe bapa, iegemee mgongo, iwe mto. Tende, muhogo wa kuchoma au kipande cha boflo vikae katikati. Kopo lenye pembe lisiguse upande wa mgongo hata likiwa tupu. Begi likifika kilo 4 mimi husimama hapo, na hupima kwenye mizani ya duka la jirani, pale pale anapopimia sukari. Anayehitaji kubeba zaidi ya hapo arudi kwenye begi la mgongoni, ila atafute lenye mkanda wa kiunoni wa kweli. Yapo pia mabegi ya kiunoni yanayokuja na mikanda miwili ya kutia mabegani, nayo husaidia wakati wa kuteremka, lakini ukiona bila ya mikanda hiyo begi halikai, basi tatizo liko chini na mabega yameitwa kulisitiri.

Nije sasa kwenye kununua. Begi langu la pili nililipata Chake Chake kwa kijana anayeuza mtumba, na safari hii nilikwenda na chupa zangu mbili zimejaa, kanga yangu, na kilo moja ya mchele katika mfuko wa kitambaa. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia, nikamwomba ruhusa ya kulijaza begi kabla ya kulizungumzia bei.

"Bibi, hilo begi la kununua, si la kuchukulia mchele," aliniambia huku akicheka.

"Mwanangu, nikilinunua tupu nitajuaje litakavyokuwa likijaa?"

Alinyamaza kidogo, akanisogezea kigoda, akawaambia wenzake wanipishe. Nikalifunga begi, nikapanda na kushuka ngazi za duka la pili yake mara kumi, nikachutama kama ninayetafuta sindano, nikainama kufunga kamba za viatu, kisha nikaruka mara mbili, na hapo wapita njia walisimama kutazama. Begi la kwanza nililolijaribu lilishuka kwenye ngazi ya tatu. La pili lilikuwa zuri kwa macho, lakini ndani mlikuwa na kijiti cha plastiki cha kulisimamisha ambacho kiligusa uti wa mgongo kila nilipoinama. La tatu, la rangi ya udongo, lenye mfuko mmoja mkubwa na mmoja mdogo, halikusema kitu. Ndilo nililo nalo mpaka leo, na huu ni mwaka wake wa tatu. Kijana yule aliniambia baadaye kwamba sasa yeye mwenyewe huweka chupa mbili za maji chini ya meza kwa ajili ya wanunuzi, ingawa wengi bado huuliza kwanza kama ipo rangi nyeusi.

Mtumba una hila zake, na moja imenipata hata mimi niliyejidai mjuzi. Vitambaa vingi vya nailoni hupakwa ndani utando mwembamba wa kuzuia maji, na utando huo, unyevunyevu wa hewa na joto huuvunja taratibu hata kama begi limetungikwa tu ukutani bila ya kutumika. Kwa nje begi huonekana jipya. Ukitia mkono ndani unakuta kitambaa kinanata kama utomvu wa fenesi na kina harufu kali ya kuchacha, na baada ya miezi michache huanza kubanduka vipande vipande na kushika kwenye kanga na mkate. Kwa hiyo mkono uingie ndani mpaka kwenye pembe, na pua ifuate. Bizimu nalo lifungwe na kufunguliwa mara kadhaa, litazamwe kama meno yake hayajapauka na kupasuka, kwa sababu plastiki iliyokaa juani miaka mingi hukatika siku ambayo uko mbali na nyumbani. Zipu za nailoni ni bora kwetu kuliko za chuma, ambazo chumvi ya bahari huzila, lakini hata za nailoni mchanga wa Vumawimbi huzitafuna. Zikirudi nyumbani zioshwe kwa maji matamu, zianikwe kivulini, kisha zipitishiwe kipande cha mshumaa.

Kwa asiyeweza kununua lingine, begi baya huweza kutengenezwa likawa na nafuu. Lile langu la bluu sikulitupa. Nililipeleka kwa fundi cherehani hapa Wete, nikamwambia anishonee mabawa mapya, na kwa ugwe wa mbele akatumia mkanda wa kiti cha gari bovu, ambao ni mpana, mgumu na hauchuni. Mara ya kwanza alitia ndani sponji ya godoro. Ilikuwa laini ajabu dukani, na kabla ya saa moja ya mwendo ilikuwa imeshalala kama chapati na imenywa jasho langu lote ikawa nzito. Mara ya pili nilimpelekea kipande cha mkeka wa mazoezi, ule wa aina ya povu gumu lisilofyonza maji, unaofanana na nyayo za ndara. Akakiweka katikati ya kitambaa cha nje na kitambaa cha wavu kwa upande wa mwili, na mpaka sasa mjukuu wangu mkubwa analitumia begi hilo bila ya malalamiko. Namna ya kuijaribu sponji kabla ya kununua ni kulibana bawa kwa kidole gumba na cha shahada: vidole vikikaribia kukutana, hiyo ni ya godoro.

Lipo jambo jingine ambalo wanaume wanapotushauri juu ya mabegi haya hawalitaji, nalo ni baibui. Mkanda ukifungwa juu ya baibui hulikusanya kiunoni na kuonesha umbo ambalo vazi hilo limevaliwa ili kulisitiri, kwa hiyo wengi wetu huulegeza kwa haya, na begi likishalegezwa limeshaharibika kazi. Wengine hulifunga ndani, wakawa kila wakitaka maji lazima watafute kichaka. Katika kundi letu tumejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kuvaa gauni refu pana juu ya suruali, mkanda ukafungwa juu ya gauni, na mtandio mrefu ukateremshwa mpaka chini ya kiuno ukafunika mbele yote. Ya pili aliibuni fundi yule yule: alipasua mipasuo miwili midogo katika mishono ya ubavuni ya baibui la kutembelea, akaizungushia uzi isichanike, na mkanda ukawa unaingilia hapo, begi likiwa nje kwa nyuma na bizimu likiwa ndani kwa mbele, baibui likaendelea kuanguka kama kawaida. Mimi naipenda ya pili, ingawa kulivaa na kulivua kunahitaji subira, na wakati wa kuswali lazima uanze mapema kidogo kuliko wenzako.

Nisiwafiche wasomaji kwamba begi hili halimfai kila mtu. Mama mjamzito asilifunge, wala aliyepasuliwa tumbo karibuni, na mwenye maradhi ya uti wa mgongo amuulize daktari wake kabla ya kumuuliza muuzaji. Watoto wadogo pia halikai kwao, kwa kuwa nyonga zao bado hazijatokeza na mkanda hauna pa kushika; nilipokuwa na wanafunzi wa darasa la tatu nililiona hilo kwa macho yangu, kila mmoja akitembea huku anapandisha begi kama anayepandisha suruali ya kaka yake. Wao wapewe begi dogo la mgongoni, jepesi, lenye chupa moja.

Ombi langu kwa wauzaji wa Chake Chake, Wete, Mkoani na kule Darajani ni dogo: wamruhusu mnunuzi alijaze begi na atembee nalo hatua mia moja. Wale wanaowaongoza wageni na wenyeji katika misitu yetu nao, wanapowaambia watu waje na viatu vya kufunga na kofia, wawaambie pia kwamba kwa safari ya nusu siku begi la mgongoni la skuli halihitajiki. Na msomaji mwenzangu aliyeumwa mabega, kama yuko Pemba na bado hajanunua, fundi ninayemtaja anafahamika na kundi letu lote, na mabegi yangu mawili yapo, la bluu na la rangi ya udongo. Aje ayajaribu yote mawili, ila chupa zake aje nazo zimejaa.

Wako katika matembezi,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.